Mkono wa Kushoto wa Msusi

Naanza na mkono wake wa kushoto, kwa sababu kila aliyemfahamu Msusi wetu wa Kirumba aliufahamu mkono ule kabla hajaizoea sura yake. Upande wa ndani, ambako ngozi ya mtu huwa laini, ulijaa mabaka kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Mengine meusi kama masizi ya sufuria, mengine ya rangi ya chai ya maziwa, mengine yamekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka juani. Mgeni akiuona alidhani aliungua na uji utotoni. Akiulizwa, Msusi alijibu kwa mkato, "Hii ndiyo leseni yangu," na kuendelea kuchambua nywele.

Sijui kama nitamwandika inavyostahili. Shule yangu iliishia darasa la saba na kazi yangu ni cherehani. Lakini tulikaa baraza moja miaka mingi, mimi na mashine yangu nje, yeye na draya yake ndani, na kwa miaka hiyo yote nimewasikia watu wakimtaja kama kichekesho, "yule mama wa sungura", mpaka nimechoka kunyamaza. Naandika nikiwa na hasira. Nitajitahidi hasira yangu isiseme uongo.

Tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata sisi tusio Wasukuma. Mimi ni mwanamke wa Kijita, wa upande wa Mara, na yeye aliniita Fundi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nadhani jina langu hakulijua kabisa.

Mkono ule ulikuwa na utaratibu wake. Dawa yoyote mpya, iwe ya kunyoosha nywele, iwe krimu ya uso au sabuni ya maji, haikugusa kichwa cha mteja kabla haijalala kwenye mkono wa Msusi. Jioni alipaka kidogo, akafunga juu yake utepe wa kitenge ambao mimi ndiye niliyemkatia kutoka kwenye vipande vyangu vya kushonea. Asubuhi aliufungua mbele ya watu. Wateja waliita "kufungua mkono", na wapo waliowahi mapema wakakaa kwenye benchi kusubiri tu hilo, kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira.

"Umevimba huo," anasema mmoja.

"Haujavimba, ni mafuta yanang'aa."

"Mayu, mwenyewe unajisikiaje?"

"Najisikia njaa. Kaa hapa nikuoshe."

Mkono ukiwa mwekundu, hakuna mteja aliyepakwa. Alilichukua kopo, akavuka nalo barabara, akamrudishia aliyemuuzia, na maneno aliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa na usemi wake: "Cha kupaka kianze kwa anayekiuza." Wauzaji walimwogopa kuliko mabwana afya.

Ni lazima nikumbushe ilikuwa miaka gani. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni ya mche, miaka ya kufulia majani ya mpapai na kujipaka mafuta ya kupikia ukienda harusini. Halafu milango ikafunguliwa, kila kitu kikawa ruksa, na makopo yakaingia. Yalikuja kwa lori, kwa meli, kwenye mabegi ya wafanyabiashara, yakiwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Tukayapaka yote. Simcheki mtu, na mimi nilipaka. Ukiwa umekaa na kiu miaka kumi huulizi maji yametoka kisima gani. Mwanza nzima ilikuwa na nyuso za papai lililoiva na vidole vya mkaa. Katika wazimu ule, mtu mmoja tu Kirumba aliuliza kopo limetoka wapi na limempitia nani kabla ya kutufikia.

Asije mtu akadhani alikuwa mpole. Watu wakisikia habari za mtu aliyewaonea wanyama uchungu wanamfikiria mwenye sauti ya chini na mikono laini. Msusi aliwapiga wasichana wake wa kazi kwa mgongo wa kitana. Aliwatukana wateja waliochelewa. Mbwa wa jirani aliyependa kulala mlangoni pake alimfukuza kwa maji ya moto. Niliyaona hayo mwenyewe na sikuyapenda, nikamwambia, akaniambia nishone nguo. Alichinja kuku wake kwa mkono wake, alikula nyama ya kuchoma kila Jumapili, na sato alimtafuna mpaka kichwa kikabaki mifupa. Sungura wenyewe hakuwapenda. "Mnyama gani huyo hana hata sauti?" alisema. "Ukimkanyaga hujui."

Basi habari ya sungura ilianzaje? Ilianza na muuguzi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akija kusukwa mistari. Alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, alimwachia Msusi mfuko wenye chupa za sabuni ya nywele. Kwenye kila chupa palikuwa na picha ndogo ya sungura.

"Huyu anafanya nini hapa?" Msusi alimuuliza siku ile ya kuagana.

Muuguzi, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, akaeleza kwamba kwao viwanda vingi humdondoshea sungura sabuni jichoni, kisha hutazama kama jicho litaharibika. Waliotengeneza chupa hii hawakufanya hivyo, na picha ndiyo ushahidi.

Msusi aliacha kusuka. "Sabuni hii ya nywele? Jichoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Nani anaosha nywele kwa jicho?"

Muuguzi alicheka. Msusi hakucheka. Siku hiyo nzima alikuwa mkali kuliko kawaida, na jioni, wakati nakunja kitambaa changu, alikuja akasimama mbele ya mashine. "Fundi, mimi ninaungua mkono wangu kwa hiari yangu. Huyo aliyefungwa, nani alimuuliza?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua, na mawazo yangu yalikuwa kwenye sare za shule nilizotakiwa kuzimaliza.

Zile chupa zilimletea balaa ambalo nadhani lisingetokea mahali pengine popote. Kwetu picha iliyo kwenye kopo inasema kilichomo ndani. Kopo lenye ng'ombe lina maziwa au samli. Lenye alizeti lina mafuta ya alizeti. Pale sokoni walikuwepo wauza dawa wenye vichupa vya mafuta ya simba na mafuta ya chatu, na picha ya simba na ya chatu zimebandikwa juu yake. Sasa chupa yenye sungura ina nini? Wateja wake wengi walikuwa wanakwaya wa kanisa linaloshika Jumamosi, watu wasafi na wenye kulipa vizuri, na kwao sungura hafai kuliwa. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nzuri sana, aliona chupa ikifunguliwa akaruka kitini na maji yakimchuruzika shingoni.

"Mayu, hiyo usinipake! Mafuta ya sungura kwetu ni najisi, imeandikwa!"

"Hakuna sungura humu ndani! Ndiyo maana wamemchora!"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Yaani wamemchora kwa sababu hayumo?"

"Ndiyo!"

"Tembo naye hayumo. Mbona hawakumchora?"

Nilicheka hadi nikaachia gurudumu la mashine. Yule mama hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatii alichofundishwa, na swali lake lilikuwa na akili. Lakini akaondoka na kwaya nzima ikamfuata, wakaenda kujinunulia kopo lenye picha ya msichana anayetabasamu. Nani ajuaye ni wanyama wangapi walipofuka ili msichana yule atabasamu. Hilo ndilo linalonichoma. Alama pekee ya huruma iliyowahi kufika Kirumba tuliikimbia kama uchafu.

Baada ya hapo ndipo akaja Mwenye Krimu.

Nitamwita hivyo. Alikuwa mtu wa mbali, amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vipodozi nchi jirani, na sasa alichanganya krimu yake mwenyewe kwenye ua wa nyumba Mabatini. Shati jeupe, maneno laini, anasalimia kila mtu. Kisukuma alichokijua kilikuwa neno moja la salamu na alilitumia vizuri. "Mwangaluka, Mayu," alisema, akaweka mezani kopo zuri la bluu. "Sitaki fedha yako. Nataka mkono wako tu. Ukiifunga krimu yangu siku moja, asubuhi ukafungua mbele ya kina mama hawa, nimeshauza Kanda ya Ziwa nzima. Na wewe utakuwa wakala wangu, saluni hii nitaijenga upya kwa matofali."

Msusi aliligeuza kopo. "Uliijaribia wapi?"

Watu wengine wote waliowahi kuulizwa swali lile walisema hawajui, wamenunua tu. Mwenye Krimu aliona fahari kuulizwa. "Njoo uone. Mimi si kama hao wa magendo. Mimi napima."

Tulienda wote wawili, maana alitaka shahidi. Ua ulikuwa umefagiliwa. Kwenye kivuli cha ukuta vilipangwa vizimba vya mbao, na kila kizimba kilikuwa na ubao mbele wenye tundu, na kwenye kila tundu kichwa cha sungura kimechomoza. Hawakuweza kujikuna wala kugeuka. Migongo ilikuwa imenyolewa viraka viraka kama shamba lililopandwa vibaya, na kila kiraka kilikuwa na rangi yake: hiki chekundu, hiki kinatoa maji, hiki kimepasuka. Jicho moja la kila mmoja lilikuwa zima. La pili sitalieleza.

Mbele yao palikuwa na majani mabichi na maji safi. Niliahidi hasira yangu haitasema uongo, basi na hilo nimeliandika.

"Hawa ndio wapimaji wangu," alisema.

Msusi alisogea karibu. Nilidhani atapiga kelele kama kawaida yake. Aliongea taratibu kabisa. "Mbona hawalii?"

"Ndiyo uzuri wao, Mayu. Ningetumia mbuzi, majirani wangelalamika."

Nimejaribu miaka yote hii kusikia ubaya katika sauti yake wakati anasema neno lile, na sijausikia. Alisema kama mtu anayesifia baiskeli isiyotoa mlio. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa mkatili wa kuonekana.

"Wewe kuku huchinji?" Mwenye Krimu alimuuliza Msusi alipomwona ameganda.

"Nachinja."

"Basi kosa langu ni nini?"

"Kuku namchinja mara moja, na namla. Wewe huyu unamchinja kila siku na humli. Unamchinja ili Fundi hapa apate shavu la kung'aa."

Mwenye Krimu akanigeukia mimi. Hakukasirika. Alisema dada yake aliwahi kuunguzwa uso na krimu ya kichochoroni, mpaka leo anajifunika kanga, na ndiyo sababu aliapa hatauza kitu ambacho hakijapimwa. Namwamini. Kisha akasema, "Fundi, wewe una binti. Nimpime binti yako, au nimpime sungura?"

Namtazama binti yangu sasa, ameolewa na ana watoto, na bado sina jibu. Msusi ndiye aliyejibu. Alikunja mkono wa blauzi, akauinua ule mkono wa mabaka mpaka karibu na pua ya Mwenye Krimu. "Kwa nini usijipime wewe?" Akaangalia mikono ya yule bwana, na mimi nikaangalia. Ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Haikuwa na alama hata moja.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Msusi, hakumalizia, akatoka.

Kuanzia hapo hakunyamaza. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alisimuliwa vizimba, tundu la ubao, jicho. Wengine waliguswa. Wengi walisema, "Mayu, mimi nina watoto wanaolala njaa, unanililia habari ya sungura?" Nao sikuweza kuwalaumu, kwa sababu ni kweli walilala njaa. Lakini wale wale wenye watoto wenye njaa walipata ya kununulia kopo la bluu. Msusi sasa akamuuliza kila muuzaji kopo lake limejaribiwa wapi, na aliyesema hajui alionyeshwa barabara. Rafu zikabaki wazi. Akarudi kwenye samli, mafuta ya pamba, shubiri aliyoichuma kwenye mawe ya nyuma ya nyumba. Wateja wakalalamika kwamba wakitoka kwake wananuka zizi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini bado alikuwa na makopo ya dawa ya kunyoosha nywele, wakati hata hayo hatukujua yalimpitia nani. Bila dawa ile hakuna saluni, hilo tulilijua wote wawili. Alinigeukia kwa ukali uliofanya mteja wake ashike kichwa.

"Najua, Fundi! Unadhani sijui? Siwezi kujua kila kitu. Lakini nilichokiona nimekiona, usiniambie nijifanye sikukiona!"

Mwenye Krimu alifungua saluni ng'ambo ya barabara, yenye kioo cha ukuta mzima na redio ya kaseti. Benchi letu likapungua watu. Hakumtukana Msusi hata mara moja. Alikuwa akimpungia mkono asubuhi.

Halafu ikaja ile ya bibi harusi.

Alikuwa binti wa Buswelu, harusi yake Jumamosi, mama yake ni mteja wa siku nyingi aliyekataa kuvuka barabara. Kopo la dawa lilikuwa jipya. Msusi aliipaka dawa mkononi kama kawaida, akalala nayo, asubuhi akafungua. Mkono ulikuwa vile vile. Benchi, yaani watu wawili na mimi, tukasema salama. Akampaka binti. Muda si muda yule binti alianza kusema inachoma, Msusi akasema vumilia kidogo, mkono wangu haukuona kitu. Binti akavumilia. Alipooshwa, ngozi ya kichwa ilitoka na nywele.

Naliandika hili kwa mkono mzito. Wanaomcheka wanaanzia hapa, na wana haki ya kuanzia hapa. Yeye ndiye aliyefanya. Alimwambia mtu anayelia avumilie.

Mashangazi wa binti walikuja kwa kelele, baraza likajaa, na Mwenye Krimu akavuka barabara. Aliwatuliza kwanza, aliwaomba wasimpige. Kisha akachukua pini kwenye kibuyu changu cha kushikia pini, akaushika mkono wa kushoto wa Msusi kwa upole, kama daktari, na huku anazungumza naye anamtazama machoni akamchoma. Akachoma tena. Tena. Msusi alikuwa anaendelea kujieleza kuhusu kopo. Hakuangalia chini mpaka alipoona watu wote wameangalia chini. Pini ilikuwa imesimama ndani ya baka jeusi na damu inatoka, na yeye hakuwa na habari.

"Mmeona, kina mama," alisema Mwenye Krimu. "Mkono huu ulikufa zamani. Mnapimiwa na maiti."

Msusi aliitoa pini mwenyewe, akaifuta kwenye kanga, akanirudishia.

Nina hasira na mengi katika maisha haya, lakini hasira ya pini yangu haifanani na nyingine. Kwa sababu alikuwa sahihi. Aliyekuwa na wapimaji wasiolia alikuja kumkomesha aliyejipima mwenyewe, na alichokisema kilikuwa kweli tupu. Hivi mtu amjibu vipi mtu kama huyo? Miaka ile yote mkono wake ulimeza sumu kwa niaba yetu, hadi ukaacha kuhisi, na ulipoacha kuhisi tukauita maiti.

Msusi alifunga saluni. Hakuna aliyemfungia. Kila siku asubuhi alikwenda Buswelu kwa miguu na kopo la samli na shubiri, akaosha vidonda vya yule binti, na kila siku mama mtu alimtukana tangu anapiga hodi mpaka anaaga. Yeye, ambaye hakuwahi kukubali neno la mtu, alijibu tu, "Ni kweli, mama. Ni kweli." Binti aliolewa akiwa amejifunga kilemba, na nywele ziliota baadaye, si zote. Vidonda vilipopona Msusi alifunga mizigo, akahama Kirumba bila kuniaga. Niliona tu kufuli.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba krimu ya bluu ilikuja kuwaharibu watu sura. Haikuwaharibu. Iliuzika mpaka Bukoba na Musoma, na sijasikia aliyedhurika. Binti yangu aliipaka, aling'aa. Wakati mwingine nilimtazama akijipaka mlangoni, namwona mzuri, nafurahi, na papo hapo naviona vile vizimba, sijui nifanye nini na vyote viwili.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya kushona sare za shule moja Magu, na siku ya kupeleka mzigo nilimwona kabla yeye hajaniona. Kando ya barabara, chini ya banda la mabati, mwanamke mzee amekunja gauni magotini anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko kama wa kusonga ugali wa msibani. Niliutambua mkono.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba." Alinitazama, akarudi kutazama sufuria. "Fundi. Umenenepa. Hiyo gauni umejishonea mwenyewe? Bega limekwenda kando."

Alikuwa anatengeneza sabuni ya mafuta ya pamba, ambayo huko Magu hayakosekani. Miche iliyokauka ilipangwa kwenye mbao, ya rangi ya siagi, mizuri. Lakini ile iliyokuwa jikoni ilikuwa na kitu kipya. Magadi ya kawaida yalikosekana, alipewa mengine na mfanyabiashara mgeni, na tangu asubuhi alikuwa anaizunguka ile sufuria bila kujua la kufanya. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, watu wote wa vijijini wangekuja, na sufuria ile ndiyo iliyokuwa biashara yake yote ya mwezi.

"Si ujaribu kwenye mkono wa kulia?" nilimuuliza.

"Huo nao umeshaliwa na magadi. Miguu hivyo hivyo. Ngozi ya mzee ni ngozi ya ngoma, Fundi, unaipiga tu."

Watoto walikuwa wanacheza karibu na banda. Nikawatazama, naye aliona ninakotazama.

"Wale hapana," alisema. "Mtoto ukimwambia nyosha mkono ananyosha. Nataka mtu mzima anayeweza kuniambia toka hapa."

Sikufikiri sana. Mara nyingi mimi hufikiri mpaka jambo likapita. Nilikunja mkono wa ile gauni aliyoikosoa, nikauweka juu ya ubao wa sabuni, upande wa ndani ukitazama juu. Aliuangalia kwa muda mrefu, kama nimemwekea kitu cha thamani ambacho hakuwa na mahali pa kukihifadhi. Kisha akachota kidogo kwa ncha ya mwiko, akapoza kwa kupuliza, akapaka, akachana ukingo wa kitenge chake akafunga juu.

"Sikiliza," alisema. "Ikiwasha usinivumilie. Usinionee aibu, usinionee huruma. Piga kelele. Unasikia? Mimi niliwahi kumwambia mtu avumilie."

Tukakaa. Akanimiminia chai. Alikuwa amegeuka amenitazama usoni muda wote, hatazami mkono, ananitazama macho. Jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yanapasha moto banda lote. Nilitamani isiwashe. Niliitazama miche ile mizuri, nikafikiria mnada, nikajiambia haitawasha. Kisha chini ya utepe nikasikia kitu. Kidogo, kama mchwa amepita. Nikanyamaza kidogo nipate hakika.

"Fundi."

"Nadhani inawasha," nilisema.

Alinyanyuka. Hakufungua utepe kutazama. Alishika masikio ya sufuria kwa vitambaa, akaibeba na uzito wake wote hadi kwenye mtaro wa barabara, akaanza kuimwaga. Mimi nikamkimbilia nyuma, nimefungua utepe, naugeuza mkono huku na huku kwenye mwanga, na sioni wekundu wowote, na hata leo sijui kama iliwasha kweli.

"Mayu, subiri! Labda ni jasho tu!"

"Labda," alisema, akaendelea kumwaga.